Taa ya Bustani na Saa Ishirini za Kungoja

Taa ya bustani inayotumia betri huwaka kwa kawaida saa nne tu kwa siku, tangu giza linapoingia hadi watu wanapokwenda kulala, na saa 20 zinazobaki hukaa kimya ikingoja jioni nyingine. Waundaji wengi huzikazia macho zile saa nne, wakahangaika na ukubwa wa mwanga, ilhali hesabu huonyesha kwamba mara nyingi kinachomaliza betri ni kule kungoja, kwa kuwa saketi ya kipima muda, yaani kikundi cha vifaa vinavyoamua taa iwashwe lini na izimwe lini, hula umeme usiku na mchana.

Mfano ulio wazi ni chipu ya 555, iliyobuniwa mwaka 1971 na Hans Camenzind, mhandisi mzaliwa wa Uswisi, kwa ajili ya kampuni ya Signetics ya Marekani. Hadi leo ndiyo inayomjia fundi akilini kwanza anapotajiwa kupima muda, na inastahili heshima hiyo. Hata hivyo, toleo lake la awali huvuta takribani miliampea 3 hata kama halijawasha kitu, na katika saa 24 hiyo hufika miliampea-saa 72, wakati mawe matatu ya AA yaliyopangwa kwa mfuatano, kichwa cha moja kwenye kitako cha jingine, yana akiba ya miliampea-saa 2,000 hivi. Kwa hiyo yatakuwa yamekwisha kabla ya mwezi kutimia, bila taa kuwaka hata dakika moja. Toleo la 7555, lililojengwa kwa teknolojia ya CMOS, ambamo transista hutumia umeme karibu pale tu zinapogeuka kutoka hali moja kwenda nyingine, huvuta mikroampea 60 hivi, na kwa kiwango hicho akiba ileile ingetosha zaidi ya miaka mitatu.

Kubadilisha toleo, lakini, hakutatui tatizo la pili. Chipu za jamii hii hupima muda kwa kujaza kapasita, chombo kinachohifadhi chaji ya umeme, kupitia rezista, kifaa kinachoubana mkondo upite kidogo kidogo. Na ili kapasita moja ichukue saa nne kujaa kupitia rezista ya megaohm 10, inabidi iwe ya mikrofaradi 1,300 hivi, ukubwa ambao kwa kawaida hupatikana katika kapasita za kielektroliti, ambazo zenyewe huvuja. Mkondo unaoingia ni chini ya nusu ya mikroampea, na uvujaji unaweza kuuzidi, hivyo kapasita haijai kamwe na taa hukesha ikiwaka. Ni sawa na kujaza mtungi wenye ufa kwa kijiko cha chai.

Njia bora ni kuhesabu. Chipu ya 4060 ina osileta, sehemu inayopiga kama moyo kwa mwendo uliopangwa na rezista na kapasita, na ina hatua 14 za kuhesabu, kila hatua ikipiga mara moja kwa mapigo mawili ya iliyoitangulia, kiasi kwamba mguu wa hatua ya mwisho, unaoitwa Q14, hupanda volti baada ya mapigo 8,192. Rezista ya kilo-ohm 750 na kapasita ya mikrofaradi 1 isiyo ya kielektroliti hutoa pigo moja kila sekunde 1.725, na mapigo 8,192 huwa saa 3 na dakika 55.

Kazi ya kutangaza jioni yafaa iachiwe jua lenyewe, hasa Afrika Mashariki, ambako giza huingia upesi baada ya machweo, na machweo ya Nairobi au Dar es Salaam hayasogei hata saa moja mwaka mzima. Jicho la saketi ni LDR, rezista ambayo ukinzani wake hushuka hadi kilo-ohm chache kwenye mwanga na kupanda hadi megaohm gizani. Huunganishwa kutoka upande chanya wa betri hadi mguu wa 12, ambao hufuta hesabu, na mguu huo huunganishwa na upande hasi kwa rezista ya kilo-ohm 470. Mchana mguu hukaa juu, hesabu hubaki sifuri na osileta husimama kabisa, huku jicho likipitisha chini ya mikroampea 10. Aliyeweka kilo-ohm 10 mahali hapo, kosa la kawaida sana, hupoteza karibu mara 40 ya hizo kutwa nzima. Jioni mguu hushuka, kuhesabu huanza, na Q14 inapopanda, dayodi, yaani mlango unaopitisha umeme upande mmoja tu, huisimamisha osileta hadi alfajiri.

Hapa pana mtego. Q14 iko chini mchana pia, kwa hiyo taa iliyofungwa kuwaka kila Q14 inapokuwa chini itawaka hata jua la utosini. Dawa yake ni dayodi nyingine mbili, moja kutoka Q14 na moja kutoka mguu wa kufuta hesabu, zinazokutana kwenye lango la transista ya MOSFET ya aina ya P, swichi inayowasha taa lango lake likiwa chini, ili upande wowote ukipanda taa izimike, na rezista ya megaohm 1 ilishushe lango pande zote mbili zinapotulia. Jicho nalo lisielekezwe kwenye taa, la sivyo litadhani kumekucha kila taa inapowaka.

Taa nyeupe ya LED yenye rezista ya ohm 330 huvuta miliampea 4.5 hivi, sawa na miliampea-saa 18 kila usiku, na mawe yaleyale sasa hudumu zaidi ya miezi mitatu. Ili kuijaribu bila kukesha, kapasita ya mikrofaradi 1 hubadilishwa kwa muda na ya nanofaradi 1, ambayo ni ndogo mara 1,000; jicho likifunikwa kwa kiganja taa huwaka, na baada ya sekunde 14 huzimika yenyewe.