Sumaku Iliyo Jirani na Msalaba wa Kusini

Magharibi kidogo ya Msalaba wa Kusini, ule unaoonekana vizuri ziwani Mwanza usiku wa giza, kuna jozi ya nyota iitwayo Cen X-3. Macho matupu hayaioni. Moja ni jitu lenye uzito wa takriban majua 20. Mwenzake ni nyota ya nyutroni, mabaki ya nyota iliyolipuka: uzito wake unalizidi Jua kidogo, lakini upana ni kilomita 20 na ushei, pungufu ya safari ya Mwanza hadi Magu.

Nyota hiyo ndogo hung'aa kwa eksirei, ambazo angahewa huzifyonza kabla hazijafika ardhini. Kwa hiyo ilibidi zifuatwe juu. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani ilirushwa na Marekani kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru siku hiyo, nayo setilaiti ikaitwa Uhuru. Njia yake iliinama nyuzi 3 tu kutoka ikweta, hivyo ukanda iliopitia ulilifunika Ziwa Victoria kuanzia Entebbe hadi Mwanza.

Mwaka 1971, kundi la Riccardo Giacconi liligundua kwamba eksirei za Cen X-3 hudunda kila sekunde 4.8. Kisha ikabainika kuwa hutoweka kila baada ya siku 2.1, jitu linapopita mbele.

Mdundo huo ni kazi ya sumaku. Gesi inayotoka kwa jitu huvutwa kuelekea nyota ndogo. Ikikaribia, usumaku huinasa na kuielekeza kwenye ncha mbili. Huko huanguka kwa karibu nusu ya kasi ya mwanga, hupata joto la mamilioni ya nyuzi na kutoa eksirei. Nyota inapojizungusha, ncha hizo hutugeukia, kisha hutupa kisogo.

Nguvu yenyewe ilipimwa mwaka 1976. Joachim Trümper na wenzake wa Ujerumani walipandisha kipimo kwa puto, wakaichunguza jozi nyingine, Her X-1. Katika eksirei zake waliona alama inayoachwa na elektroni zinazozunguka ndani ya usumaku; nishati ya alama hiyo hutaja ukubwa wa usumaku wenyewe. Jibu: gausi trilioni kadhaa.

Dira ya meli iendayo Bukoba hugeuzwa na theluthi moja tu ya gausi. Sumaku kali kabisa za maabara zinazoweza kufanya kazi mfululizo hufikia takriban gausi laki nne na nusu. Mwanafizikia anayetaka kujua maada hufanya nini katika matrilioni hana maabara nyingine ila nyota hizi.