Pwani ya Jangwa

Mipaka mitatu ya Afrika Kaskazini haina ubishi, kwa kuwa imechorwa na maji: Mediterania, Atlantiki na Bahari ya Shamu. Pale Gibraltar, kilomita 14 tu za bahari huitenga Morocco na Hispania. Upande wa Sinai kulikuwa na nchi kavu iliyotuunganisha na Asia, hadi Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869.

Kazi iko kusini. Umoja wa Mataifa huihesabu Sudan kuwa Afrika Kaskazini. Umoja wa Afrika huiweka Mashariki, na Kaskazini huitia Mauritania. Huo ni mgawanyo wa kiofisi. Maumbile yenyewe yameweka Sahara, kilomita za mraba milioni 9 hivi, na ukingo wake wa kusini hupimwa kwa mvua: wataalamu wengi huuweka panaponyesha milimita 150 hivi kwa mwaka. Ukivuka hapo unaanza kuona nyasi, migunga na ng'ombe. Umeingia Saheli.

Jina hilo si geni kwetu. Kwa Kiarabu, sahil ni pwani, na wingi wake, sawahil, ndio uliotupa sisi jina la Waswahili. Waliouita ukanda ule pwani waliliona jangwa kuwa bahari, na hawakukosea: misafara ya ngamia ilifika Timbuktu kama majahazi yafikavyo Lamu, ikiwa na shehena na habari za ng'ambo.

Pwani hiyo huhama. Ukame wa miaka ya 1970 na 1980 uliisukuma kusini, kisha mvua zikairudisha. Miaka 6,000 hivi iliyopita sehemu kubwa ya Sahara ilikuwa mbuga na maziwa, maana mwinamo na mzunguko wa dunia ulizidisha jua la kiangazi kaskazini, likavuta pepo za mvua hadi ndani kabisa. Kwenye miamba ya Tassili n'Ajjer, Algeria, ng'ombe waliochorwa na wafugaji wa zamani wangalipo, palipo pakavu leo. Kwa hiyo ramani inayopiga mstari mmoja kwenye ukingo huo wa kusini, kwa maoni yangu, inapotosha.

Kutoka pwani hiyo ya Saheli hadi Mediterania, Nile peke yake hulikata jangwa lote. Maji yanayotoka Ziwa Victoria pale Jinja hupita kinamasi cha Sudd, hukutana na Nile ya Buluu Khartoum, kisha hupokea mto Atbara. Kuanzia hapo hadi Mediterania, hakuna mto mwingine unaouongezea maji.