Kwa Nini Mahakama ya Juu Ina Majaji Saba?

Kifungu cha 163 cha Katiba ya 2010 kinasema Mahakama ya Juu ina majaji saba: Jaji Mkuu, Naibu wake na wengine watano. Nchini Marekani idadi huwekwa kwa sheria ya bunge: walianza 6 mwaka 1789, wakafika 10 mwaka 1863, na wamekuwa 9 tangu 1869. Kwetu, idadi haibadiliki ila Katiba irekebishwe.

Hata hivyo, viti vinaweza kubaki wazi, kwani jaji hustaafu akifikisha miaka 70. Kesi husikilizwa na majaji wasiopungua watano. Oktoba 25, 2017, walifika wawili tu, na ombi la kuahirisha uchaguzi wa marudio halikusikilizwa. Mwananchi, kiti kisichojazwa kinaweza kuchelewesha haki yako.