Pumu na chembe za kugandisha damu

Ukijikata kwa jembe, damu hutoka, kisha huganda. Kazi ya kugandisha huanzwa na chembe ndogo sana zilizomo ndani ya damu. Chembe hizo huitwa chembe sahani. Daktari Giulio Bizzozero wa Italia alieleza kazi yake mwaka 1882. Tone la damu lenye ukubwa wa kichwa cha pini huwa na chembe hizo zaidi ya 150,000.

Kwa mtu mwenye pumu, chembe hizi huweza kuamka hata kama hana jeraha. Tuseme anapura ngano hapa Qurus, na vumbi lile humdhuru. Akilivuta, chembe sahani hutoa kemikali na kushikamana na chembe nyeupe za damu. Chembe nyeupe huingia katika mirija ya mapafu. Mirija huvimba, hubana na kujaa makohozi. Kifua hulia, pumzi hukata.

Sasa jihadhari na jambo moja. Kichwa kikiuma, wengi wetu hununua aspirini dukani. Baadhi ya watu wazima wenye pumu hawapatani kabisa na dawa hiyo. Katika damu yao, chembe sahani zilizoshikamana na chembe nyeupe ni nyingi zaidi. Wakimeza aspirini, pua huziba na kifua hubana, mara nyingi kati ya dakika 30 na saa 3. Wengine wamekufa. Diklofenaki na ibuprofeni huweza kuleta hatari hiyo hiyo.

Kwa hiyo, ukiwa na pumu fanya hivi:

1. Mweleze mganga au mwenye duka la dawa kwamba una pumu kabla hujapewa dawa ya maumivu.

2. Kama aspirini imewahi kukubana kifua, usiimeze tena. Muulize mganga dawa nyingine.

3. Kama daktari alikupa aspirini kwa ajili ya moyo, usiiache mwenyewe. Muulize kwanza.

4. Jifunike pua kwa kitambaa wakati wa kupura. Kaa mbali na moshi wa kuni.

5. Pumzi ikikubana, vuta dawa yako ya pumu kama ulivyoelekezwa. Usipopata nafuu, wahi zahanati au hospitali ya Karatu bila kungoja asubuhi.

Dawa nyingine za mafua zina aspirini ndani yake. Ndugu, sasa unajua kusoma. Soma maandishi ya pakiti kabla ya kumeza.