Hesabu Ukuta Kabla ya Kukimbia

Tarehe 25 Novemba 1995, mjini Ann Arbor, Marekani, kijana mzaliwa wa Kinshasa alikimbia na mpira yadi 313 katika mchezo mmoja wa futiboli ya Kimarekani. Jina lake Tshimanga Biakabutuka. Wamarekani walimwita Tim. Timu yake ya Chuo Kikuu cha Michigan iliifunga Ohio State 31 kwa 23. Ohio State ilikuwa haijapoteza mchezo wowote msimu ule, tena ilikuwa na Eddie George, mkimbiaji aliyetwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka huohuo.

Nikiwaonyesha vijana wa hapa Cyanzarwe, Rwanda, picha za siku ile, wa kwanza husema jamaa ana mbio, wa pili husema ana nguvu. Wote wanasema kweli. Lakini Biakabutuka alipewa mpira mara 37, na hakuna binadamu anayepenya ukuta wa walinzi mara 37 kwa mbio na nguvu zake peke yake. Mbele yake kulikuwa na watu waliomfungulia njia, na kabla ya njia kufunguliwa kulikuwa na hesabu.

Kwa asiyeujua mchezo huu: kila upande una watu 11. Wanaoshambulia wana majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani kama mita tisa. Mkimbiaji anayepata yadi nne kila mara ameshaifanya kazi yake. Mbele yake wamepangwa wafungua njia watano: senta anayeutoa mpira, wawili ubavuni kwake, na wawili wa nje. Kati ya mtu na mtu kuna mlango, na nje ya wale wa mwisho kuna mlango mwingine kila upande. Jumla milango sita. Kazi ya ulinzi ni kuhakikisha kila mlango una mwenyewe. Kila mfumo wa ulinzi utakaosikia ukitajwa ni namna tu ya kuigawa milango hiyo.

Tuanze na ukuta wa watu wanne, wenye walinzi watatu nyuma yake. Hapa kila mlinzi wa mbele amepewa mlango mmoja, na mpira ukitoka anauvamia kwa kasi. Haraka hiyo inatisha, lakini ndiyo inayomponza. Dawa yake ni mtego: unamwacha apite bila kuguswa, naye anadhani amefanikiwa, kumbe mfungua njia wa upande wa pili anakuja mbio kumgonga ubavuni. Mkimbiaji anapita palepale mlinzi alipotoka.

Ukuta wa watu watatu ni habari nyingine, nami naupenda zaidi kwa sababu unadai akili. Wa katikati, kwa kawaida mtu mzito kuliko wote, anasimama uso kwa uso na senta. Havamii. Anamshika senta kwa mikono, anamsimamisha, anatazama mpira unaelekea wapi, ndipo anamsukuma kando na kuuziba mlango unaotakiwa. Mtu mmoja analinda milango miwili. Ukimtegea mtego unapoteza muda, maana hakimbilii popote. Lakini tazama gharama yake: wafungua njia wawili walio ubavuni kwa senta hawana mtu mbele yao. Basi mmoja anaungana na senta, wanamsukuma yule mzito wawili kwa mmoja, kisha mmoja wao anabanduka na kumfuata mlinzi wa nyuma. Mkimbiaji naye hana budi kusubiri. Anapiga hatua mbili za taratibu akilitazama bega la yule mzito. Likiinama kulia, anakata kushoto.

Sisi tunaovuka mpaka wa Petite Barrière kwenda Goma tunaijua subira hiyo. Mama mwenye mzigo kichwani hausukumi msongamano kwa kifua. Anapunguza mwendo, anatazama watu wanaegemea wapi, kisha anapita pale panapofunguka.

Ukuta wa watu watano hauna mengi ya kueleza. Chicago Bears wa mwaka 1985 walitisha kwa mfumo wa namna hiyo, ambao Buddy Ryan aliuita 46 kwa namba ya jezi ya mchezaji wake Doug Plank. Senta na wenzake wawili wote wana mtu mbele yao, kwa hiyo hakuna wawili kwa mmoja. Kukimbia katikati hapo ni kupoteza jaribio. Pita nje, au rusha mpira.

Kuna wakati ulinzi unasogeza watu mbele hata wanawazidi wafungua njia kwa mmoja. Huyo mmoja atakuwa huru, na ndiye atakayemwangusha mkimbiaji. Hapo unaweza kuwapeleka washikaji wako, yaani wanaodaka mpira unaorushwa, kando kabisa ya uwanja ili walinzi wawafuate. Au unamwacha mlinzi wa pembeni makusudi, bila kumzuia, na mgawa mpira, yule anayeupokea kutoka kwa senta, anamsoma: mlinzi akimkimbilia mkimbiaji, mgawa mpira anabaki na mpira na kukimbia mwenyewe; mlinzi akibaki nje, mpira unakwenda kwa mkimbiaji. Mtu mmoja hawezi kuwakamata wawili. Kwangu mimi hili ndilo wazo zuri kuliko yote katika mchezo huu.

Pembeni huko ndiko Daniel Adongo wa Nairobi alikopangwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, alipokuwa Mkenya wa kwanza kucheza ligi ya NFL. Alitoka kwenye raga, aliyoicheza New Zealand na Afrika Kusini. Nawataja wachezaji wa raga kwa sababu wao, hapa Rwanda pia, ndio walio karibu zaidi na mchezo huu. Mbio na mpira mkononi wanazijua tayari. Kitu kigeni kwao ni kumzuia mtu asiye na mpira: kwenye raga ni kosa la adhabu, huku ni nusu ya kazi.

Kwa hiyo utakapoutazama mchezo huu tena, mwache mkimbiaji kwanza. Mpira ukiwa bado chini, hesabu walinzi waliosimama mbele ya senta na wenzake, uone nani amesimama mlangoni na nani uso kwa uso na mtu. Kisha taja mlango mmoja, na usubiri mpira utoke.