Kwa nini watu wa pembeni hubadilika rangi katika picha ya telefone

Fungua picha ya ndoa iliyopigwa kwa telefone, ile ambayo familia nzima imepangwa mbele ya kanisa. Bwana na bibi harusi walio katikati wana rangi yao ya kawaida. Sasa peleka macho hadi mwisho wa mstari, kwa mjomba na shangazi waliosimama pembeni kabisa. Kwa telefone nyingi za bei ndogo, ngozi yao imekuwa ya kijivu, ama ina ukijani kidogo, na shati nyeupe ya mjomba imeelekea pinki. Watu husema ni jua, ama mpiga picha hajui kazi. Lakini kuna sababu nyingine ambayo haizungumzwi sana: namna mwanga unavyoingia ndani ya telefone.

Ndani ya kamera, nyuma ya lenzi, kuna kipande kidogo cha silikoni kinachoitwa kihisi. Kimegawanywa katika mamilioni ya vyumba vidogo sana, pikseli. Jambo la kushangaza ni kwamba chumba hicho hakioni rangi hata kidogo. Kinahesabu tu mwanga ulioingia, mwingi ama mchache. Aliyepata njia ya kukipa rangi ni Bryce Bayer, mtafiti wa kampuni ya Kodak huko Marekani, ambaye hati yake ya uvumbuzi ilitolewa mwaka 1976. Aliweka kichujio chenye rangi juu ya kila chumba: nusu ya vyumba kijani, robo nyekundu, robo buluu. Kisha kompyuta inalinganisha majirani na kukisia rangi kamili. Karibu kila telefone iliyo mfukoni leo inatumia mpango huo ama ndugu yake.

Mpango huo unategemea kitu kimoja: mwanga uliopita kwenye kichujio chekundu uangukie katika chumba kilicho chini yake, si cha jirani.

Hapa mvua inaweza kutusaidia. Ukipanga ndoo nyingi uani na mvua ikashuka wima, kila ndoo inapata maji yake. Upepo ukivuma, matone yanakuja yameinama. Yale yaliyopita juu ya ndoo moja yanaangukia katika nyingine. Katikati ya kihisi mwanga unashuka wima. Lakini telefone ni nyembamba, lenzi imekaa karibu mno na kihisi, kwa hiyo mwanga unaofika pembeni umeinama sana, hata digrii 30 na zaidi. Mjomba wetu yuko kwenye mvua ya upepo.

Nyekundu ndiyo inayoumia zaidi. Mwanga wa buluu unakwisha karibu na uso wa silikoni, chini ya nusu ya mikromita. Mwanga mwekundu unazama mikromita kadhaa kabla ya kumezwa, na ukiwa umeinama, safari hiyo ndefu inautoa chumbani mwake. Tena kila chumba chekundu kimezungukwa na vya kijani pande zote nne. Kwa hiyo kinachopotea kwa nyekundu kinaongezwa kwa kijani. Hapo ndipo ngozi ya kahawia, ambayo uhai wake katika picha unatoka kwenye wekundu, inageuka kama majivu. Kwetu sisi hilo si jambo dogo.

Tatizo hili halikuanza na telefone. Mwaka 2006 kampuni ya Leica ya Ujerumani ilitoa kamera ya dijitali M8, ambayo lenzi zake hukaa karibu sana na kihisi. Juu ya kila pikseli kulikuwa na lenzi ndogo mno ya kukusanya mwanga, na pembeni lenzi hizo zilisogezwa kidogo kuelekea katikati, zipate kuupokea mwanga ulioinama, kama mtu anayeelekeza faneli upande mvua inakotoka. Kihisi hicho kilitengenezwa na Kodak yenyewe. Hata hivyo, M9 iliyofuata mwaka 2009, yenye kihisi kikubwa zaidi, iliwapa wapiga picha wenye lenzi pana upande mmoja mwekundu na upande mwingine wa kijani. Wakaiita kwa utani bendera ya Italia.

Kusogeza lenzi hakukutosha. Hatua kubwa iliyofuata ilikuwa kukipindua kihisi. Zamani nyaya za umeme zilikaa juu ya silikoni, na mwanga ulipaswa kupenya katikati yake kama mtu anayepita msituni. Mwaka 2009 Sony ilianza kuuza vihisi ambavyo nyaya ziko chini, na mwaka 2010 iPhone 4 ikatoka na kihisi cha namna hiyo. Kichujio kikawa karibu zaidi na silikoni, mwanga ukakosa nafasi ya kupotea.

Kisha zikaja kuta. Samsung mwaka 2013 ilitangaza kihisi ilichokiita ISOCELL, chenye vizuizi kati ya pikseli na pikseli, na kusema kuwa mwingiliano wa rangi umepungua kwa asilimia 30 hivi. Mafundi wanachimba mfereji mwembamba ndani ya silikoni na kuujaza kitu kisichopitisha umeme. Mwanga ukigonga ukuta unarudi chumbani mwake. Juu, kati ya vichujio, vihisi vingi vina wavu mwembamba wa tungsteni. Ndiyo metali inayotoka katika wolframite, madini ambayo wachimbaji wa Kivu wanayajua kwa uzito wake mikononi.

Lakini vyumba vyenyewe vinaendelea kupungua. Pikseli ya iPhone 4 ilikuwa na upana wa mikromita 1.75. Mwaka 2022 Samsung ilitangaza kihisi chenye pikseli za mikromita 0.56. Urefu wa wimbi la mwanga wa kijani ni karibu 0.55! Chumba kimelingana na mgeni wake, na kuta peke yake hazitoshi. Njia moja ni kuweka pikseli 4 ama 16 za rangi moja pamoja, ili uvujaji mwingi ubaki ndani ya familia.

Kinachobaki kinaachiwa hesabu. Kiwandani kamera hupigishwa picha ya kitu cheupe, na makosa ya pembeni yanaandikwa ili programu iyasahihishe. Mimi siiamini sana dawa hii. Ni kama kutoa mchanga ndani ya mchele: kila ukipepeta, punje nazo zinapotea. Kuongeza wekundu kwa nguvu kunaongeza chembechembe, hasa usiku. Na vipimo hivyo vilifanywa kwa taa chache za kiwandani; chini ya balbu nyingine ya LED, makosa yanaweza kuwa tofauti.

Kabla ya kulipa telefone sokoni, omba karatasi nyeupe, iweke kwenye kivuli chenye mwanga sawa, ijaze picha nzima, kisha linganisha pembe nne na katikati. Rudia kwa kamera ile pana, yenye alama ya 0.5 ama 0.6, hapo ndipo aibu hujitokeza. Na siku ya ndoa, rudi nyuma hatua tano utumie kamera ya kawaida, ubakize nafasi tupu kila upande. Ukutani pembeni hakuna atakayelalamika.