Je, Wajua? Taa ya Injini Ikiwaka Njiani Mangina

Je, wajua kwamba sensa ya shinikizo la turbo ikiwa nzima kabisa haitoi namba moja Mombasa na Butembo? Fungua swichi bila kuwasha injini, halafu soma kwenye mashine ya kupimia. Pwani utaona takriban kilopaskali 101. Beni, zaidi kidogo ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, utaona karibu 89. Butembo, kwenye mita zaidi ya 1,700, karibu 82. Fundi wa Butembo anayesubiri 101 kwa sababu ndivyo alivyoambiwa kwa simu atang'oa sensa isiyo na kosa.

Je, wajua kwamba turbo imezeeka kuliko magari mengi tunayoyakumbuka? Mswisi Alfred Büchi aliipatia hataza mwaka 1905. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss akaipima kwenye injini ya ndege juu ya Pikes Peak, zaidi ya mita 4,300, aone kama itaishinda hewa nyepesi ya mlimani. Iliishinda. Lori lenye turbo linalopanda kutoka Beni kwenda Butembo linanufaika na kazi hiyo kila siku.

Je, wajua kwamba msimbo wa kosa P0235 haumaanishi "nunua sensa mpya"? Msimbo huo unataja saketi ya sensa ya turbo: sensa yenyewe, waya zake, soketi yake, hata kompyuta. P0237 ni ishara iliyo chini mno, P0238 ni ishara iliyo juu mno. P0299 ni ugonjwa mwingine: turbo haifikishi shinikizo linalotakiwa, na hapo anza kwa kutafuta hosi iliyopasuka au klipu iliyolegea. Mara nyingi utaona oili imelowanisha mahali hewa inapotorokea. Ningependa tofauti hii iandikwe ukutani katika kila garaji kutoka Mangina hadi Butembo. Sensa hutoka mbali, nyingi zikipitia Kasindi kutoka Uganda, na mwenye gari hulipa bei yake pamoja na siku zote ambazo gari limelala huku magunia ya kakao yakisubiri.

Je, wajua kwamba waya tatu tu ndizo zinazobeba habari yote hiyo? Moja huleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, moja ni ya ardhi, ya tatu hurudisha ishara. Sensa nyingi za aina hii zikiwa na afya hufanya kazi kati ya takriban volti 0.5 na 4.5. Ishara ikiganda kwenye 0 au kwenye 5, shuku waya kabla ya sensa. Chomoa soketi, fungua swichi, pima: je, volti 5 zipo? Ardhi nayo ipimwe mzigo ukiwepo, yaani soketi imechomekwa na injini inanguruma. Kati ya waya wa ardhi na ncha hasi ya betri usikute zaidi ya sehemu ndogo ya volti, karibu 0.1.

Misimbo mitatu ya sensa tatu ikitokea kwa mpigo, usiagize sensa tatu. Mara nyingi sensa kadhaa hugawana volti 5 hizohizo, na moja ikipiga shoti huwazimisha wenzake. Zichomoe moja baada ya nyingine huku mita ikiwa kwenye waya wa volti 5. Ile ambayo ikitoka volti zinarudi, ndiyo mkosaji.

Je, wajua kipimo kisichogharimu hata franga moja? Ni cha sensa ya joto la maji yenye waya mbili. Ukiichomoa, Toyota nyingi husoma nyuzi −40. Ukiunganisha pini mbili za soketi kwa kipande cha waya, namba hupanda hadi karibu 140. Ikigusa pande zote mbili, waya na kompyuta ni wazima, na sensa ndiyo iliyokufa. Usijaribu hivyo kwenye sensa ya turbo: utaweka shoti kwenye volti 5.

Kosa lenyewe mara nyingi ni dogo kwa macho. Fungu la waya limesuguana na brakti nyuma ya injini hadi plastiki ikaisha. Au ukifungua soketi unakuta ukungu wa kijani kwenye pini moja, maji ya msimu wa mvua yameingia na vumbi jekundu limekauka juu yake. Shika fungu hilo injini ikiwaka, litikise taratibu huku mwenzako akitazama namba. Ikiruka, umefika.

Je, wajua kwamba Land Cruiser yenye injini ya 1HZ haina sensa ya turbo kabisa? Haina turbo, na pampu yake ya mazutu ni ya kimekanika. Kwenye gari lenye turbo, kompyuta ikikosa kuamini sensa, hupunguza mazutu ili kuilinda injini, na gari linabaki kukokota mlimani. Huku kwetu hilo si jambo dogo. Ebola ilipotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, chanjo iliyotakiwa kuhifadhiwa kwenye baridi ya kati ya nyuzi −60 na −80 ilitegemea barabara hizihizi na magari yanayovuta.

Na je, wajua kwamba kompyuta huhifadhi hali ya injini dakika kosa lilipotokea: mwendo, joto, mzigo? Ukifuta msimbo, au kwenye magari mengi ukichomoa betri, habari hiyo inapotea. Iandike kwenye karatasi kabla hujagusa spana.